Mama Kago na Hadithi ya Kiwanda cha Jinzi

Kwanza niseme hili, maana watu wa kwetu nawajua: Mama Kago si malaika. Chai yake ina sukari ya kunusa tu, mwenye nyumba anagombana naye kila mwisho wa mwezi, na ukimchelewesha atakutukana kwa Kiswahili akamalizia kwa Kichina, wewe ubaki unajiuliza lipi limekuuma zaidi. Nikimpaka asali, Waswahili wa Guangzhou, kule China, watanicheka. Simpaki. Mimi nimemaliza chuo nimeondoka, yeye bado yuko kule, na ninachoweza ni kumwandika alivyo. Anayetaka kununa anune.

Jina lake halisi wengi hatukulijua. Kago ni mizigo, na yeye ndiye mama wa mizigo. Mfanyabiashara akinunua viatu Zhanxi, midoli Yide Lu na jinzi Xintang, vyote huishia kwake; yeye ndiye wa kupima, kufunga na kupakia, mpaka kontena lifike Tanga au Dar es Salaam. Nilipomjua alikuwa na godauni zima nyuma ya Zhanxi, lenye mlango wa chuma wa kupandisha juu, na mikokoteni ikipishana nje kutwa. Wachina wa mtaa ule walimwita laoban, bosi, na hawakuwa wanatania.

Kichina alikimwaga kuliko mimi niliyepewa ufadhili na mwaka mzima wa kujifunza lugha. Lakini kukisoma, hata alama moja hakuijua. Kiswahili chenyewe alikisoma kwa kidole, pole pole, midomo ikicheza. Sasa mtu huyo ndiye aliyependa hadithi kuliko maprofesa wote walionifundisha, na ndiye aliyezisikiliza vizuri kuliko wao.

Tulianza hivi. Nilikwenda kutuma kanzu na redio kwa baba yangu, Tanga. Foleni ilikuwa ndefu, nikakaa juu ya robota la nguo nasoma simu, na mara nikacheka peke yangu.

"Unacheka nini wewe?" akauliza Mama Kago, huku anafunga boksi.

"Hadithi tu, Mama."

"Hadithi ya nani?"

Ilikuwa hadithi ya Kichina inayotoka sura moja kila wiki kwenye simu, wasichana wa maduka ya pale wanaigombania. "Ya wanawake wawili wa kiwanda cha jinzi," nikasema. "Mmoja mshonaji, mmoja mkaguzi."

"Wamefanya nini?"

Ningeweza kudanganya. Mpaka leo sijui kwa nini sikudanganya. "Wanapendana."

Hakuinua kichwa. Alivuta utepe wa gundi, akaukata kwa meno, akabandika boksi lake. "Haya nisomee. Paza sauti, utepe huu una makelele."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Maisha yangu yote sikuwahi kusikia sentensi moja ya Kiswahili kuhusu mwanamke anayempenda mwanamke ambayo haikuwa tusi, au dua ya kumwombea apone. Na mimi nilikuwa na sababu zangu za kuitafuta sentensi hiyo, sababu ambazo sikuwa nimemwambia kiumbe yeyote. Siku ile, juu ya robota, nikaitunga mwenyewe nikiitoa kwenye Kichina: mshonaji alimtazama mkaguzi, akasahau mkono wake uko wapi kwenye cherehani. Mama Kago akasema, "Atajichoma huyo," akachukua boksi jingine. Hakushtuka hata kidogo.

Baada ya hapo ikawa kila Jumapili asubuhi, siku ambayo malori hayakuja. Wakaongezeka wengine: wanafunzi wenzangu wawili watatu, na Achieng, Mkenya wa Kisumu anayenunua jinzi Xintang na kuzipeleka Nairobi. Achieng alikuja mara ya kwanza kufuata mzigo wake, akasikia sura nzima amesimama mlangoni, mwisho akasema, "Zii! Hiyo ni uongo. Jeans haioshwi hivyo, mimi nimeona na macho yangu." Tangu siku hiyo hakukosa. Alituambia ni wapi mwandishi kapatia kiwanda na wapi kabuni, na akatuonyesha kwa vidole vyake jinsi rangi ya bluu inavyoganda kwenye kucha za wale wanawake.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, hakuna kukaa bure. Anayesoma asome, lakini anayesikiliza mikono ifanye kazi, na kazi haikosekani kwa mtu wa kago: vikombe, sahani, birika, kila kimoja kinataka kuvishwa karatasi kabla ya kuingia boksini. Mezani palikuwa na rundo la karatasi chakavu alizozinunua kwenye duka la kuchapisha, na sisi tukizunguka rundo hilo kama wanawake wanaochambua mchele. Ya pili, hakuna kuulizana. "Hapa tunamsema mtu wa hadithini," alikuwa akisema. "Mtu wa hadithini hana mjomba wa kumpiga." Ukitaka kulia, ulie kwa ajili ya mshonaji. Ukitaka kusema jambo limekubana kifuani, mpe mkaguzi alibebe. Nakuambia, yalisemwa mengi mle ndani, na hakuna hata mmoja aliyejitaja.

Yeye mwenyewe hakujitaja kabisa. Tulikisia, bila shaka. Achieng aliapa kwamba Mama aliwahi kuwa na mtu wake. Mwenzangu mmoja akasema aende huko, huyu mama ni mpweke tu anatafuta watu wa kumfungia vikombe bure. Inawezekana wote walikuwa sahihi.

Hadithi aliihukumu kama anavyohukumu mzigo. Kitu kikiingia lazima kitoke. Mkaguzi alihama chumba sura ya tano, mimi nasoma kwa hisia zangu zote, machozi yananilenga, Mama Kago akanikatiza: "Begi kabeba nani?"

"Haijasemwa, Mama."

"Haijasemwaje? Mtu kahama na begi halikubebwa? Rudi nyuma uangalie."

Nikarudi nyuma. Kumbe ilisemwa: mshonaji ndiye aliyelibeba, ghorofa tano, bila kuulizwa, na mimi nililiruka neno hilo kwa haraka zangu za kukimbilia busu. Mama Kago akatikisa kichwa. "Mapenzi yote yako hapo kwenye begi, wewe unatafuta midomo."

Alichukia kitu kimoja kuliko vyote. Mwenzangu alituletea hadithi nyingine, ya nchi nyingine, wanawake wawili wanapendana kurasa mia tatu, mwisho mmoja anakufa kwa homa. Mama Kago alisikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha akafoka kama kaibiwa: "Mbona kila wakipendana lazima mmoja azikwe? Homa gani hiyo inayojua mlango wa kugonga? Mwandishi amechoka, basi, hajui awapeleke wapi, anawaua. Uvivu huo!" Hadithi ile haikurudi tena godauni. Aliiita kago iliyopotea baharini.

Na alikuwa mtu wa dini, tena wa kweli, si wa kujionyesha. Ikifika adhuhuri, hata kama mshonaji ameshika kitasa cha mlango na hajaamua, Mama aliinua mkono, tukanyamaza. Alitandaza mkeka wake nyuma ya maboksi, akaswali bila haraka, akarudi anajifunga mtandio. Sketi zetu alizigomba. Achieng aliyekuja na mabega wazi alirushiwa kanga Jumapili tatu mfululizo. Siku moja msichana mgeni alimuuliza, kwa nia njema, haoni mgongano kati ya mkeka na zile hadithi. "Mwanangu," akajibu, "mimi nitaulizwa niliwatendea nini watu. Hilo ndilo ninaloliogopa. Hebu nipe mkasi." Yule msichana akampa mkasi, na mazungumzo yakaishia pale.

Maneno tuliyapigania sana. Wasichana wa madukani wana neno lao la Kichina la mapenzi haya, zuri, jina la ua. Sisi tuna nini? Niliorodhesha yale ninayoyajua, na kila nililolitaja lilinuka mtaro. Achieng akaleta la Sheng, likachekesha watu. Nilikata tamaa, nikasema Kiswahili hakitoshi. Hapo nikapata matusi yangu ya lugha mbili. "Kiswahili kimekukosea nini? Mshonaji anamfanya nini mkaguzi?"

"Anampenda."

"Andika anampenda. Unatafuta neno jingine la nini, la kumuombea radhi?"

Niliandika anampenda. Kwa sababu ya siku hiyo nikaanza kuandika kabisa, kwa mkono, kwenye karatasi za chuo, sura kwa sura, badala ya kutafsiri papo kwa papo na kugugumia. Na kama mwanafunzi mwema aliyelelewa na baba mwalimu wa madrasa, juu ya kila karatasi niliandika jina langu kamili na namba ya simu. Tumezoeshwa hivyo toka darasa la kwanza, karatasi isiyo na jina haisahihishwi. Sikufikiri hata mara moja.

Sasa sikiliza tulivyojimaliza wenyewe. Jumapili hiyo ilikuwa sura ambayo mama wa mshonaji anakuja kutoka kijijini kumchukua binti yake akaolewe. Mkaguzi anamwona mama yule anaingia, anakimbilia chooni, anajifungia humo mpaka wameondoka. Godauni likawaka moto. Achieng anapiga meza: "Angetoka! Amwambie mama wa watu!" Mwenzangu anasema atoke afukuzwe kazi ale nini? Mimi nalia waziwazi. Mama Kago akasema, "Aliyejifungia chooni namwelewa. Lakini simsamehe." Kelele juu ya kelele, na mikono yetu, iliyozoeshwa kutokaa bure, inafunga vikombe, inafunga tu. Kila karatasi niliyoimaliza niliiweka mezani. Meza ndiyo ile ile ya karatasi chakavu. Hakuna aliyetazama anachokunja. Sura nzima ilivishwa seti za chai za Hajji mmoja wa Tanga, mteja mkubwa kuliko wote wa Mama Kago, na kesho yake kontena likafungwa.

Niligundua jioni ya Jumatatu hiyo, nikitafuta kurasa zangu. Nilimpigia simu. Akasema, "Limeshatiwa lakiri." Kontena likishatiwa lakiri halifunguki mpaka lifike. Tulikaa wiki tano tukingoja vikombe vifike kwetu.

Vikafika. Ujumbe wa sauti wa Hajji uliingia kwenye kundi la simu la wafanyabiashara wote wa Guangzhou na kwetu: "Mama Kago, mke wangu kafungua vikombe, kila kikombe kimevaa karatasi ya wanawake wanaotamaniana. Uchafu gani huu unatuletea? Na mwandishi wake ana jina, hili hapa." Chini yake picha ya karatasi. Jina langu, simu yangu, mwandiko wangu. Hajji anaswali msikiti mmoja na baba yangu.

Mama Kago alijibu kwenye kundi hilo hilo, sauti yake haikupanda. "Hajji, kuna kikombe kimevunjika?" Akangoja. Hajji akakiri hakuna. "Basi kago imefika salama. Karatasi ni zangu. Hadithi ni yangu, mimi ndiye niliyetaka kusomewa. Binti nilimpa kazi ya kuandika kama ninavyompa mtu kazi ya kubeba. Mwenye neno na aniambie mimi." Katika miaka yote sikuwahi kumsikia akidanganya juu ya mzigo wa mtu. Huo ndio uongo wake mmoja, na aliusema kwa ajili yangu.

Baba alipiga kabla ya magharibi ya kwao. "Ni wewe?" Hakuuliza hali.

Ningependa kuandika kwamba nilisimama kidete. Sikusimama. Nilisema, "Mama Kago alinituma, baba. Mimi niliandika tu." Akasema alhamdulillahi, akasema nisikanyage tena kwa mwanamke yule. Nikasema ndiyo, baba. Nilipokata simu nilijiona kinyaa, na bado sikukanyaga.

Hajji alihamisha mizigo yake, wengine wakamfuata. Achieng akawa ananiletea habari bila kunibembeleza. Kwamba Jumapili iliyofuata Mama alipandisha mlango wa chuma mpaka juu kabisa, mtaa mzima uone, akamwambia mwenzangu asome kwa sauti. Kwamba godauni limemshinda, amehamia chumba ghorofa ya nne, hakuna lifti. "Na wewe uko wapi?" Achieng akauliza. "Uko choo?" Nikasema nina mtihani.

Miezi saba nilikuwa na mtihani. Nilipotetea utafiti wangu, tiketi ya kurudi ikiwa mkononi, nilijua kama nikipanda ndege bila kumwona nitakuwa mtu fulani maisha yangu yote, na mtu huyo simtaki. Nikapanda ghorofa zile nne kwa miguu, mchana kweupe. Nilimkuta peke yake katikati ya maboksi, anapumua kwa shida kuliko zamani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekonda." Akanisukumia kigoda. "Kaa. Chai ipo."

Nilikuwa nimepanga hotuba. Ikaniponyoka, nikalia tu. "Nilikukana, Mama. Nilimwambia baba ulinituma."

"Mimi ndiye niliyesema hivyo kwanza."

"Ulinifunika."

"Nilikufunika upate muda," akasema, na sasa alinitazama usoni. "Sikukufunika upate kisingizio. Muda nimekupa miezi saba, mwanangu. Umeupoteza wewe, na mimi nimepoteza godauni. Sasa tufanyeje?"

Hakukuwa na hasira ndani yake, na hilo lilinichoma zaidi. Nikatoa simu, nikapiga kabla moyo haujaanza kunishauri. Nikaweka spika.

"Baba, niko kwa Mama Kago. Ile hadithi niliichagua mimi. Niliitafsiri mimi, kwa hiari yangu, na naipenda. Yeye hakunituma. Alijibebesha ili nisigombwe, nami nikamwachia abebe. Nilikudanganya, baba, nisamehe kwa hilo. Kwa hadithi siombi radhi."

"Unaongea hivyo na mimi?" baba akasema. "Mimi niliyekufundisha alifu?"

Mama Kago akanyoosha mkono, akaichukua simu. "Asalaam alaykum, Ustadhi. Mimi ndiye mwenye kago."

"Waalaykum salaam," akajibu baba, kwa baridi.

"Hadithi hii umeisoma?"

"Sijaisoma wala sitaisoma."

"Hata mimi sijaisoma, kusoma kunanishinda. Nimeisikiliza. Nawe isikilize, kisha uhukumu. Mtu wa elimu hahukumu kabla ya kusikia."

Sasa, baba yangu ana adabu moja ya kizamani: mtu mzima akianza kuzungumza naye, hamkatizi, hata awe anamchukia. Mama Kago hakumjua baba, lakini wazee wanajuana. Akavuta pumzi, akaanza. Kuna kiwanda, cherehani zinalia zote kwa pamoja, msichana anaingia asubuhi ya kwanza hajui pa kukaa. Kuna mwanamke mwingine anamwonyesha kiti. Alisimulia kwa kichwa, bila kuruka, ngazi kwa ngazi, sahani kwa sahani, nani alipika na nani aliosha, jinsi mmoja alivyougua na mwenzake akalala sakafuni kando yake. Hakutumia neno lolote zaidi ya anampenda. Nilikaa nimeshika kikombe cha chai kisicho na sukari, nasikia pumzi za baba upande wa pili, nikingoja akate.

Hakukata. Mama Kago alipofika kwa mama aliyetoka kijijini, baba alikohoa.

"Huyo binti," akauliza, taratibu, kama mtu anayeogopa jibu. "Wazazi wake wanajua?"

Mama Kago aliitazama simu, kisha akanitazama mimi. Akanirudishia mkononi. "Swali hilo si langu," akasema. "Mjibu mzee."

Nikaishika simu kwa mikono yote miwili.

"Walikuwa hawajui, baba," nikasema. "Sasa unajua."